Mtetemo wa pampu: kwa nini integresheni inaleta mita sita, na kilele cha 91 Hz kinatoka wapi

*"Habari, mtaalamu. Nasimamia matengenezo ya jengo la ghorofa tisa hapa Upanga, Dar es Salaam. Pampu ya kupandisha maji kwenye tenki la juu, yenye mota ya 7.5 kW na impela ya mapanga sita, imeanza kutetemeka. Nimefunga sensa ya mchapuko ya MPU-6050 na kompyuta ndogo ya ESP32, nasoma mara 200 kwa sekunde, sampuli 1,024, halafu napiga FFT kwenye kompyuta ili nione masafa yaliyomo. Napata kilele 48.5 Hz, na takometa inasoma mizunguko 2,910 kwa dakika, kwa hiyo hapo sawa. Lakini kuna kilele kingine 91 Hz ambacho hakilingani na chochote ninachokijua. Pia nimetoa 9.81 kwenye mhimili wa wima, nikaintegreti mara mbili (mchapuko kuwa kasi, kasi kuwa msogeo) ili nipate msogeo wa pampu, grafu ikapanda mpaka kama mita 6 ndani ya sekunde tano. Rafiki yangu akaniambia nigawanye tu FFT kwa ω mraba. Nimefanya, namba bado ni za ajabu. Je, nitumie Laplace badala ya Fourier? Au sensa ni mbovu?"*

Ndugu yangu, usitupe sensa bado. Namba ulizoandika zinaelezeka zote, na hata moja haionyeshi kwamba sensa imekufa au FFT imekosea. FFT imekujibu kwa usahihi kuhusu data uliyoipa, na integresheni nayo imefanya kazi yake. Tatizo liko kwenye vitu viwili: namna sampuli zilivyochukuliwa, na kile kilichoachwa ndani ya data kabla ya kuigawanya kwa ω (yaani masafa ya Hz mara 2π).

Nianze na Laplace, maana hapo watu wengi hupoteza wiki nzima. Laplace na Fourier hazishindani. Kwenye Laplace tunatumia kigezo s = σ + jω, ambapo j ni kipeo cha pili cha hasi moja. Ukiweka σ kuwa sifuri, na mfumo wenyewe ukiwa tulivu, unachobaki nacho ni Fourier. Laplace inamfaa mtu anayebuni kidhibiti cha mota, au anayetaka kujua mfumo utafanya nini tangu sekunde ya kuwashwa, kwa sababu inabeba hali ya mwanzo ndani ya hesabu. Wewe una rekodi ya mashine ambayo tayari inazunguka kwa kasi moja. Kwa rekodi ya namna hiyo zana yako ni FFT, ule mpangilio wa hesabu ambao Cooley na Tukey waliuchapisha mwaka 1965. Kuhamia Laplace hakutaondoa hata milimita moja kwenye zile mita sita.

Kinachoziunganisha ndicho hasa unachotakiwa kukielewa. Katika zote mbili, opereta d/dt, yaani kutafuta kiwango cha badiliko kwa muda, hugeuka kuwa kuzidisha kwa kawaida. Kwenye Laplace unazidisha kwa s, kwenye Fourier unazidisha kwa jω. Mwishoni mwa karne ya 19 Oliver Heaviside alikuwa tayari anaandika p mahali pa d/dt na kutatua milinganyo ya saketi kana kwamba ni aljebra ya kawaida. Ukidiferenshia wimbi lenye masafa ω, ukubwa wake unazidishwa kwa ω na wimbi linasogea robo ya mzunguko. Ukiintegreti, unagawanya kwa ω na linasogea robo kwa upande wa pili. Ukiintegreti mara mbili, unagawanya kwa ω mraba na alama inageuka kuwa hasi. Rafiki yako alikuwa sahihi kabisa. Alichosahau kukuambia ni kwamba kugawanya kwa namba ndogo kunakuza.

Tazama hesabu yako mwenyewe. Sampuli 1,024 kwa 200 kwa sekunde ni sekunde 5.12, kwa hiyo nafasi kati ya mstari mmoja wa spektra (grafu ya FFT inayoonyesha ukubwa wa kila masafa) na mwingine ni 1 kugawanya kwa 5.12, yaani karibu 0.195 Hz. Mstari namba sifuri una ω ya sifuri, na hapo unagawanya kwa sifuri. Mstari unaofuata uko 0.195 Hz. Ukilinganisha na mstari wa 48.5 Hz, masafa yake ni madogo mara 248, na kwa kuwa unagawanya kwa ω mraba, chochote kilichopo hapo kinakuzwa mara 61,600 hivi zaidi ya mtetemo wa shafti unaoutafuta. Kelele kidogo ya umeme wa sensa, joto linalobadilika taratibu, hata nyaya zinazoyumba, vyote vinaishi huko chini. Ndiyo maana namba zilibaki za ajabu hata baada ya kuhamia kwenye FFT. Njia umebadilisha, lakini opereta ni ileile.

Sasa zile mita sita. Ulitoa 9.81, lakini MPU-6050 haisomi 9.81 ikiwa imetulia. Mtengenezaji mwenyewe anaruhusu kosa la sifuri la hadi milig 50 kwenye mihimili ya X na Y, na milig 80 kwenye Z. Milig ni elfu moja ya g, yaani ya mvutano wa dunia, hivyo milig 50 ni kama 0.49 m/s². Chukua mabaki ya 0.46 tu, zidisha kwa nusu, halafu kwa 5.12 mraba: unapata mita 6. Grafu yako imepima kosa la sifuri la sensa, na imelipima vizuri. Mtetemo wenyewe ni mdogo kiasi cha kutoonekana kwenye karatasi hiyo. Tuseme kilele chako cha 48.5 Hz kina ukubwa wa 1.2 m/s². Hapo ω ni 304.7, kwa hiyo kasi ni 1.2 kugawanya kwa 304.7, sawa na milimita 3.9 kwa sekunde, na msogeo ni mikromita 13 hivi. Ulikuwa unatafuta mikromita 13 chini ya mlima wa mita 6.

Kwa hiyo usitoe 9.81. Toa wastani wa rekodi yenyewe. Lakini ukiendelea kuintegreti kwa muda, sampuli kwa sampuli, hata hilo halitoshi, na hapa Laplace inatufundisha kitu. Kanuni yake ya diferensha ina kipande cha ziada: sF(s) kutoa f(0). Hiyo f(0) ni hali ya mwanzo, na wewe huijui, kwa sababu rekodi ilianza mashine ikiwa katikati ya mzunguko. Ukianza na kasi ya sifuri wakati kasi ya kweli ilikuwa milimita 3.9 kwa sekunde, kosa hilo linazidishwa kwa sekunde 5.12 na kukupa mteremko wa sentimita 2. Bado ni mara elfu moja na zaidi ya msogeo halisi.

Kuna kasoro nyingine ya kuintegreti kwa muda ambayo haionekani kwa macho. Kanuni ya trapeza, ambayo naamini ndiyo uliyotumia, hukadiria chini pale sampuli zinapokuwa chache kwa kila mzunguko. Kwa sampuli 200 na wimbi la 48.5 Hz una sampuli nne tu kwa mzunguko, na kila integresheni inapoteza karibu asilimia 20. Mara mbili, umepoteza asilimia 36. Kwa sampuli 1,000 kwa sekunde hasara hiyo inashuka chini ya asilimia 1 kwa kila integresheni. Kinyume chake kipo pia: ukitaka kudiferenshia, ω inazidisha, kwa hiyo kelele za masafa ya juu ndizo zinazopanda. Usidiferenshie data ghafi bila kukata masafa ya juu kwanza.

Tuje kwenye 91 Hz, ambayo ndiyo iliyonivutia zaidi kwenye swali lako. Impela ina mapanga sita, shafti inazunguka mara 48.5 kwa sekunde. Kila panga likipita mdomo wa kutolea maji linapiga pigo, kwa hiyo mapigo ni 6 mara 48.5, sawa na 291 Hz. Wewe unasoma mara 200 kwa sekunde, na kasi hiyo inaweza kuonyesha kwa ukweli masafa yasiyofika 100 Hz tu, nusu ya kasi ya sampuli, kikomo kinachoitwa Nyquist. Kilichozidi hapo hakipotei, kinajikunja na kujitokeza mahali pasipo pake: 291 kutoa 200 ni 91. Ni jambo lilelile unaloliona ukirekodi pangaboi kwa simu, mapanga yakaonekana yanarudi nyuma polepole. Sensa hii ikiwashwa bila kupangwa, filta yake ya ndani inapitisha hadi karibu 260 Hz na inajisasisha mara 1,000 kwa sekunde. Kwa hiyo 291 ilipita, imepunguzwa kidogo, na programu yako ikaiokota kwa kuruka-ruka.

Usiniamini kwa maneno tu, jaribu. Badilisha kasi ya kusoma iwe 220 kwa sekunde, mashine ikiwa vilevile. Kilele cha 48.5 kitabaki 48.5, kwa sababu ni cha kweli. Kile cha 91 kitahamia 71. Weka 250, kitakwenda 41. Kilele kinachohama unapobadilisha kasi ya sampuli ni masafa bandia. Na ukishaona hivyo, usitafute filta ya programu ya kukiondoa. Baada ya sampuli kuchukuliwa, 91 bandia na 91 halisi havina tofauti yoyote. Filta lazima ikae kabla ya sampuli.

Kwa hiyo rudia kipimo hivi. Soma mara 1,000 kwa sekunde. Kwenye rejista 26 (rejista ni vyumba vya mipangilio ndani ya sensa) acha filta kwenye 0, na kwenye rejista 25 weka 7, maana kwa mpangilio huo saa ya ndani ni 8,000 na inagawanywa kwa 8. Upeo uweke ±4 g badala ya ±2, kwa kuwa mvutano wa dunia tayari unakula g moja, na mapigo yakigonga kikomo, wimbi linakatwa kichwa na spektra inazaa vilele ambavyo mashine haina. Usitegemee amri ya `delay` kupanga muda. Kusoma kwenyewe kunachukua muda, na ucheleweshaji usio sawa unachafua spektra nzima. Tumia FIFO ya sensa, yaani kumbukumbu yake ndogo ya foleni, na laini ya mawasiliano ya I2C ya 400 kHz. FIFO hiyo ni baiti 1,024, na ukihifadhi mchapuko peke yake kila sampuli ni baiti 6, hivyo inajaa kwa sampuli 170, yaani sekunde 0.17. Isome mapema kuliko hapo, la sivyo inafurika na unapoteza vipande bila kujua. Kusanya sampuli 4,096, pima kwa saa ya ESP32 zimechukua muda gani hasa, na utumie muda huo kupanga mhimili wa masafa.

Sensa ifungwe kwenye nyumba ya beringi kwa skrubu au gundi ngumu ya epoksi. Ukiibandika kwa tepu yenye sponji, sponji inageuka kuwa springi na inameza masafa ya juu. Kifuniko cha feni ya mota nacho si mahali pake, kina mlio wake mwenyewe.

Kwenye kompyuta, toa wastani, kisha zidisha rekodi kwa dirisha la Hann, mkunjo unaoshusha mwanzo na mwisho wa rekodi hadi sifuri, kabla ya FFT. Sababu ni kwamba rekodi haimalizi mizunguko kamili. Kwenye rekodi yako ya zamani mizunguko ilikuwa 248.3, na hicho kipande cha mwisho kinamwaga nguvu ya kilele kwenye mistari ya jirani, ikiwemo ya chini kabisa ambayo baadaye utaikuza. Dirisha la Hann linapunguza ukubwa kwa nusu, kwa hiyo ukubwa wa kilele ni thamani ya FFT mara 4 kugawanya kwa idadi ya sampuli. Kilele kikiangukia katikati ya mistari miwili bado kinaweza kusomeka pungufu kwa asilimia 15, usishangae.

Halafu weka sifuri kwenye mistari yote iliyo chini ya 10 Hz, ndipo ugawanye kwa ω. Gawanya mara moja tu na uishie kwenye kasi. Hili nalisisitiza kwa moyo wote: kwa pampu kama yako huhitaji msogeo. Viwango vya mtetemo wa mashine za namna hii vinapimwa kwa kasi, milimita kwa sekunde RMS (kipeo cha pili cha wastani wa miraba), kwa kawaida kati ya 10 na 1,000 Hz. Na ile 10 Hz ina maana kubwa kwa sensa yako. Kelele yake ni kama mikrog 400 kwa kila mzizi wa Hz. Ukianza kujumlisha kasi kuanzia 0.2 Hz, kelele hiyo peke yake, mashine ikiwa imezimwa, inakupa karibu 1.4 mm/s. Ukianza 10 Hz inashuka hadi 0.2 mm/s. Ni kelele ileile, sensa ileile. Kilichobadilika ni mahali unapoanza kugawanya.

Kupata RMS ya jumla, chukua ukubwa wa kasi wa kila mstari, upandishe mraba, ugawanye kwa 2, jumlisha yote, gawanya jumla kwa 1.5 kwa ajili ya upana wa dirisha la Hann, kisha tafuta kipeo cha pili. Fanya hivyo kwa rekodi kadhaa na uchukue wastani wa zile jumla kabla ya kutafuta kipeo. Kama siku moja utahitaji kurudi kwenye wimbi la muda, usikate masafa ghafla kama kwa kisu, shusha taratibu kati ya 5 na 10 Hz, na utupe sehemu za mwanzo na mwisho wa rekodi.

Kwa jedwali la zamani la ISO 10816-1 la 1995, ambalo mafundi wengi bado wanalitumia ingawa nafasi yake imechukuliwa na ISO 20816-1, mota zisizozidi 15 kW ziko daraja la kwanza: hadi 0.71 mm/s ni nzuri, hadi 1.8 inakubalika, kati ya 1.8 na 4.5 haifai kuachwa iendeshwe muda mrefu bila marekebisho, na zaidi ya 4.5 ni hatari kwa mashine. Mfano wetu wa milimita 3.9 za kilele ni 2.8 RMS. Hapo ungepanga matengenezo bila kusubiri. Pampu zina kiwango chao, ISO 10816-7, na kama mtengenezaji ametoa kikomo kwenye kitabu cha pampu, fuata hicho.

Kuhusu maana ya vilele, niwe mwangalifu, kwa sababu spektra inaelekeza tu, haihukumu. Kilele kikubwa cha 48.5 Hz peke yake mara nyingi ni impela au feni isiyo na uwiano, au boliti za msingi zilizolegea. Kikiwa kikubwa cha 97 Hz, shuku kaplingi (kiungo cha mota na pampu) isiyonyooka. Lakini 97 iko karibu sana na 100 Hz, ambayo ni mara mbili ya umeme wetu wa 50 Hz na hutoka kwenye sumaku ya mota. Kwa kasi yako ya zamani, 100 ilikaa juu ya kikomo chenyewe, haingeaminika. Kwa rekodi mpya zinatengana vizuri. Na kuna njia rahisi ya kuzithibitisha: anza kurekodi, kisha zima mota. Cha umeme kitapotea papo hapo, cha mitambo kitateremka polepole pamoja na mzunguko. Kile cha 291 kikikua, angalia kwanza upande wa maji: valvu iliyofungwa nusu, chujio la kuvuta lililoziba, pampu inayofanya kazi mbali na kiwango chake cha mtiririko. Ukubwa wake usiuamini kwa sensa hii, umeshapunguzwa na filta. Linganisha tu leo na mwezi ujao. Na kumbuka umeme ukishuka mota inateleza zaidi, 48.5 inaweza kuwa 48.2, kwa hiyo pima takometa kila mara unaporekodi.

Kuna kitu sensa hii haiwezi, nacho ni beringi zinazoanza kuchoka. Dalili zake za mwanzo ziko kwenye maelfu ya Hz, mbali na inakofika. Spektra yako ikionekana safi huku unasikia mkwaruzo, au nyumba ya beringi ni moto kuliko kawaida, amini sikio na mkono, usiamini grafu. Hapo mwite fundi wa mtetemo mwenye sensa ya piezo na kifaa kilichosawazishwa, afike kwenye pampu yenyewe. Mwite pia kama RMS imepita 4.5, kama imeongezeka maradufu kati ya vipimo viwili, au kama kuna mistari midogo pembeni ya 48.5 iliyo umbali wa 3 Hz kila upande. Hiyo inaweza kuwa rota iliyovunjika nondo zake, na haipimwi kwa kubahatisha. Kaplingi isifunguliwe mpaka swichi kuu imezimwa, imefungwa kwa kufuli, na mtu amepima kwamba hakuna umeme.

Fundi huyo akija, mkabidhi sampuli ghafi pamoja na kasi ya sampuli, mizunguko ya siku hiyo, presha ya maji na mahali sensa ilipofungwa. Picha ya grafu peke yake haitamsaidia sana, kwa kuwa hawezi kurudia hesabu kutoka kwenye picha.